Mazoezi yalimtoa ami yangu kwenye uraibu wa mnada wa mbuzi Nizwa, mimi yakaniacha nimesimama

Wakuu, heshima zenu.

Nimekaa kimya humu muda mrefu nikisoma nyuzi za watu waliookolewa na mazoezi. Mmoja kakimbia asubuhi chache, kamari ikamtoka. Mwingine kanyanyua vyuma, simu yenyewe ikamchoka. Mashaallah. Inaonekana duniani limebaki tatizo moja tu, uhaba wa raba.

Sipingi. Nimeona kwa macho yangu mazoezi yakimtoa mtu kwenye uraibu. Nimeona pia yalivyomfanya yule aliyekuwa akimsimamia. Nasimulia kama ilivyokuwa, bila kuongeza chumvi. Majina ya watu nimeyabadilisha. Mbuzi hakuwa nalo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, Omani. Wazee wangu walirudi huko kutoka Tabora, tukakaa Ibra. Shule niliiacha mapema. Walimu walikuwa wanafundisha kitu kimoja na mimi nilitaka kujua vingine vyote. Hayo ndiyo maelezo niliyompa baba. Yeye alikuwa na maelezo yake, mafupi zaidi.

Asubuhi moja nikatumwa mkate. Nikaununua. Nje ya duka kulikuwa na lori la majani ya mifugo, nikamuuliza dereva anakwenda wapi. Akasema Bidbid. Sikuwa na shida yoyote Bidbid, nikapanda.

Pale Bidbid njia ya kwetu inaungana na barabara kubwa. Kulia Maskati, kushoto Nizwa. Gari ya kwanza kunisimamia ilikuwa inakwenda Nizwa.

Huo ndio uliokuwa mpango wangu wa maisha wakati ule, wakuu. Msicheke, wapo wenye digrii waliofika pabaya zaidi.

Nizwa alikuwa anaishi Ami Nassor, mdogo wake baba, mstaafu wa ofisi ya serikali, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na salamu ndefu. Mkewe, Bi Zuwena, alizaliwa Unguja mjini. Kiswahili chake kilikuwa kitamu hata anapokutukana, na alikuwa hakunyimi.

Nikabisha hodi, mkate ungali mkononi. Akafungua mlango kidogo, upana wa jicho.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba. Una mbuzi?"

Nilifikiri nimesikia vibaya.

"Sina. Nina mkate."

"Basi pita."

Nilipofika uani nikaelewa swali. Kulikuwa na mbuzi juu ya tangi la maji. Mbuzi chini ya gari. Mbuzi mmoja mzee amesimama kwenye ngazi kama anangoja kuitwa na daktari. Mwingine alikuwa anatafuna kanga ya Bi Zuwena, maneno yake yameshaliwa nusu, na nusu iliyobaki ilikuwa haina maana yoyote.

Nikadhani ami anafuga. Hafugi. Nikadhani anauza. Hauzi. Kula nyama nyekundu daktari alishamkataza. Ami alikuwa ananunua, basi.

Kwa msiojua, Ijumaa asubuhi Nizwa kuna mnada wa wanyama. Wanunuzi wanajipanga duara, wengine wamesimama, wengine wamechutama. Madalali wanapita mbele yao wakivuta mbuzi kwa kamba, wanazunguka na kuzunguka huku wakitangaza bei kwa sauti. Ukimtaka mbuzi unamdaka dalali bega, unamtazama mnyama meno, unaongeza. Dalali anaendelea na mzunguko, bei mpya mdomoni. Kabla watu hawajaenda kuoga kwa ajili ya sala, kila kitu kimekwisha.

Ami alikulia nyuma ya duka la baba yake huko Unyamwezini, mkabala na mnada wa ng'ombe. Alichokipenda hakikuwa mbuzi. Alipenda ile nukta mtu mwingine anapoongeza bei, moyo wako unaruka, na mkono unapanda.

"Mimi siunyanyui, mwanangu," aliniambia. "Unanyanyuka."

Bi Zuwena alishajaribu mengi. Alimnyang'anya bakora, maana alikuwa akinunulia kwa kumgusa nayo dalali. Ami akanunua kwa kidevu. Bi Zuwena akamfungia kwenye chumba cha wageni. Ami akanunua kwa kupitia dirishani, akimwagiza jirani.

Siku za katikati ya wiki alikuwa mtu kama mimi na wewe. Alhamisi ikifika mguu wake unaanza kucheza chini ya meza, chakula hakipandi, kila dakika anauliza saa.

Nilipofika, Bi Zuwena alikuwa amefika mwisho. Aliwaita majirani, kila mmoja aondoke na mbuzi, bure. Uani pakabaki peupe. Kisha akatuketisha.

"Nassor, nskilize. Mbuzi mmoja zaidi akipita mlango huu, miye natoka. Ntakwenda kwa Salma, Sur, na sirudi. Nishaapa."

Salma ni binti yao, kaolewa Sur.

"Zuwena, mimi huwa naenda kutazama tu."

"Na hao wote waliojisaidia kwenye ngazi yangu, uliwatazama tu?"

Ami akainamisha kichwa. Niliona kidevu kinamtetemeka, kile kile cha kununulia mbuzi. Hakuwa mtu wa mzaha kwa mkewe, wakuu. Usiku anamkamulia ndimu kwenye chai kwa mkono wake, hamwachii mtumishi. Alikuwa anaogopa kweli, na alikuwa anajua kuwa Ijumaa itafika vile vile.

Hapo mtaalamu nikaingia.

Nilikuwa nimesoma jarida la afya kwenye baraza ya zahanati. Lilisema mtu mwenye tamaa asiyoweza kuizuia akiutumikisha mwili, tamaa inapungua nguvu. Inakuja kama wimbi, ukiwa unatembea linapita juu yako. Kurasa za mwisho zilikuwa zimechanwa, bila shaka ndizo zenye masharti. Mimi niliona nimeshasoma za kutosha. Nikatoa mhadhara.

Bi Zuwena akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kutembea ndiko kunakotia akili?"

"Ndiyo, bibi."

"Mbuzi hutembea mchana kutwa. Ushapata kumuona mwenye akili?"

Lakini hakuwa na dawa nyingine. Akakubali. Nitakaa pale, nitakula, nitalala, na kazi yangu moja, kumtembeza mumewe.

"Akirudi na mbuzi," aliniambia, "na wewe umerudi na mbuzi."

Tukanunua raba. Ami akazivaa chini ya kanzu, akaweka kilemba vizuri, tukatoka kufanya mazoezi kama watu wanaokwenda kuposa.

Sasa, aliyeandika lile jarida hakuwahi kutembea Nizwa. Mtu wa umri wa ami hapiti mlango wa mtu hivi hivi. Lazima salamu. Baada ya salamu, habari. Baada ya habari, habari za habari. Kisha mwenye nyumba anakuvuta mkono, ukikataa umemtukana. Kahawa, tende, halua. Unatoka pale hatua chache, mlango wa pili.

Tulifanya mazoezi kwa bidii sana zile siku za mwanzo. Mimi niliongezeka uzito.

Nikafikiri upya. Pasiwe na milango. Nikaona tupite mashambani, tufuate mfereji wa falaji chini ya mitende, huko hakuna mtu wa kukutia tende mdomoni. Na saa ya hatari ni Ijumaa asubuhi, basi tutembee saa ile ile, tamaa ikija itukute tuko mbali.

Ijumaa hiyo tukatoka baada ya alfajiri. Hewa safi, maji yanakwenda pembeni yetu, ami anatembea kwa mori. Nikawa najisifu kimoyomoyo. Tulifuata mfereji, tukafuata, tukapinda nao, tukatokea nyuma ya ukuta.

"Meee."

Mfereji ulitupeleka mpaka mgongoni mwa soko. Mimi mtoto wa Ibra nilikuwa sijui mashamba ya Nizwa yanakotokea. Ami alikuwa anajua vizuri kabisa.

"Kumbe huku ndiko kunakotokea!" alisema. Uigizaji wake ulikuwa duni, lakini miguu ilikuwa mizuri. Kabla sijajibu ameshapotea kwenye watu.

Na hapa wenye jim humu mnisikilize. Mazoezi yalikuwa yamefanya kazi! Zamani ami alikuwa anafika mnadani anahema, mbuzi wazuri wameshakwenda. Sasa, baada ya matembezi yangu ya kitaalamu, alifika wa kwanza, pumzi tele, akachagua.

Alinunua dume mweupe.

Akamshika kamba, akamtazama, kisha rangi ikamtoka usoni kama mtu aliyezinduka.

"Zuwena," akasema. Hilo tu.

Aliyetuokoa ni dalali aliyemuuzia, jina lake Hamdan, mwembamba, mwenye goti bovu na sauti ya adhana. Alikubali kumchukua yule dume shambani kwake, amuuze tena kwa mtu mwingine. Si kwa huruma, wakuu. Alipata ujira wa udalali mara mbili kwa mbuzi mmoja. Mteja kama ami, dalali humwombea dua ya umri mrefu.

Ijumaa iliyofuata nilibadilisha njia. Tukafika mnadani kwa upande mwingine. Sitaki kueleza. Nizwa njia zote zina nia moja.

Hamdan akatuona. Alikuwa ameketi juu ya jiwe anasugua goti, mbuzi wanne wamefungwa miguuni pake, na mnada umeshaanza.

"Ya Nassor," akaita kwa Kiarabu, "una raba?"

"Ninazo."

"Njoo ushike kamba. Mzungushe huyu, mimi nitapiga bei kutoka hapa."

"Mimi? Mimi nilikuwa na ofisi!"

"Leo una mbuzi. Yallah! Lakini sikiliza, mwenye kamba hanunui. Ukinunua unayemvuta mwenyewe, nani ataniamini bei yangu tena?"

Ami akajifunika kilemba mpaka puani, asitambulike na watu wa ofisini. Akashika kamba.

Mbuzi wa mnadani hatembei kama binadamu anavyotaka. Anavuta kulia, anakwama, anaruka, anamfuata jike. Mzunguko wa kwanza ami alikuwa anaburutwa. Wa pili alikuwa anakimbia. Wa tatu kilemba kikafunguka, akakiacha kining'inie, bei anaitangaza mwenyewe, hamngoji Hamdan, kwa sauti ambayo sikujua anayo. Watu wanamdaka bega, wanaongeza, anageuka, anakimbia tena. Ile nukta aliyokuwa anaipenda ilikuwa inapita mikononi mwake kila mzunguko. Ila mikono yenyewe ilikuwa na kamba.

Mnada ulipokwisha alikuwa amelowa kama aliyetoka mferejini. Akanionyesha viganja vyake, vitupu, vyekundu.

"Haukunyanyuka," akasema.

Tulirudi nyumbani. Bi Zuwena akafungua mlango upana wa jicho.

"Mna mbuzi?"

"Hatuna."

Akafungua mlango wote.

Ikawa hivyo Ijumaa baada ya Ijumaa. Alhamisi mguu bado ulikuwa unacheza chini ya meza, nisiwadanganye, lakini ulikuwa unacheza kama wa mchezaji anayengoja mechi. Hamdan alipoteza mteja akapata miguu, na hakulalamika.

Habari ikamfikia Bi Zuwena, maana Nizwa si mji wa kujifichia kwa kilemba. Mumewe, mtu wa ofisi, anakimbizana na mbuzi sokoni kwa ujira! Siku hiyo akavaa abaya yake akaja mwenyewe, akasimama upande wa wanawake wa kibedui walioleta mifugo yao. Nikasogea karibu yake nikiwa na utetezi wangu tayari.

Ami akapita mbele yetu akivutana na beberu, kanzu imepandishwa, jasho linamtiririka, anacheka.

Bi Zuwena akamtazama mizunguko kadhaa.

"Tangu arusi yetu," akasema mwisho, "sijapata kumuona mwanamme huyu akikimbia. Hata mvua humngoja."

"Hukukasirika, bibi?"

"Nimekasirika, kwani aibu ni yangu. Lakini aibu hailali uani kwangu, wala haili kanga." Akageuka kuondoka. "Kiapo changu kiko pale pale. Na wewe mlinzi, mlinde."

Nikamlinda. Yaani nikasimama.

Wakuu, wote humu mnaandika juu ya mraibu. Hakuna anayeandika juu ya msimamizi. Ami alikuwa anakimbia, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye duara la wanunuzi, mikono mitupu, Ijumaa nzima, sina la kufanya ila kuangalia. Na mimi ni mtu wa kutaka kujua. Nikajua meno ya mbuzi wa mwaka mmoja na ya mzee. Nikajua jike wa milimani na wa jangwani. Nikajua yule bwana mwenye ndevu za hina huongeza mara mbili tu kisha huacha. Alhamisi moja, mezani, nikaona vyombo vinatikisika. Nikamtazama ami. Ami alikuwa ananitazama mimi.

Mguu ulikuwa wangu.

Kesho yake ami alipita na jike mdogo wa kahawia, masikio marefu, mwendo wa madaha. Bwana wa hina akaongeza. Akaongeza tena. Najua huacha hapo, naye akaacha. Ami akapita mbele yangu akitangaza ile bei, akaniona, macho yakamtoka. Akatikisa kichwa, hapana.

Alikuwa na haki kabisa. Jarida nalo lilikuwa na haki. Mkono ukanyanyuka.

Hamdan hakujua mlinzi wala mlindwa. "Mabruk!" akapaza sauti, na imekwisha.

Ami akaja kunikabidhi kamba. Tukasimama watatu. Nikamsihi Hamdan amchukue kama alivyomchukua yule dume.

"Leo sirudi shambani. Nakwenda Jalan Bani Bu Hassan kwenye arusi. Kwani mimi hoteli ya mbuzi?"

Nikamgeukia ami. Alikuwa amechutama, anampapasa yule jike masikio. Taratibu, kwa vidole viwili.

"Unajua," akasema kwa sauti laini, "ni mbuzi mzuri sana huyu."

"Ami."

"Mdogo hivi. Ukimpitisha mlango wa nyuma, Zuwena akiwa anaswali..."

Hapo ndipo nilipoogopa. Kamba ilikuwa imemtoka mikononi, na ugonjwa wote ulikuwa unarudi kupitia masikio ya mbuzi wangu. Akiingia huyu, Bi Zuwena anatoka. Yule mama alikuwa hana viapo vya maonyesho.

"Ami, inuka. Kashike kamba nyingine, wapo wamebaki."

"Na wewe?"

"Mimi naondoka naye."

"Wapi?"

Mnanijua. Nikavuta kamba, tukaanza kwenda.

Nilipita nyumbani kuchukua nguo zangu. Nikabisha, nikarudi nyuma mpaka ng'ambo ya njia. Mlango ukafunguka upana wa jicho.

"Una mbuzi?"

"Ninaye, bibi. Ila haingii."

Jicho likamtazama yule jike, likanitazama mimi, likamtafuta mumewe nyuma yangu.

"Nassor kamnunua?"

"Mimi."

Mlango ukafungwa. Nikasikia vicheko ndani, vya mtu peke yake, mpaka akakohoa. Baadaye mfuko wangu ukatoka, ndani yake kuna nguo, tende, na mkate.

"Nenda salama, mwanangu. Na utembee sana, unaumwa."

Nikafika Bidbid mimi na jike, tukasimama njia panda. Pikapu ya kwanza kukubali abiria mwenye pembe ilikuwa inakwenda Sur. Tukapita Ibra, nikajiinamisha tulipofika karibu na lile duka la mkate. Baba angekuwa na maelezo.

Jua lilikuwa bado juu kidogo tulipofika Sur. Sur nilikuwa najua nyumba moja tu, na hata hiyo kwa jina. Nikauliza, nikaonyeshwa.

Salma akafungua. Macho yake yalimwona mbuzi kabla hayajaniona mimi. Akashika mlango kwa mikono miwili.

"Ya Rabbi! Mama kaondoka! Yuko wapi, kwenye gari?"

"Mama yuko kwake."

"Usinifiche! Mbuzi si huyu hapa!"

"Huyu ni wangu. Mama yuko kwake, na baba yako yuko naye. Aliyeondoka ni mimi."

Kisha akakaa kizingitini, abaya na yote, akalia huku anacheka, kama mama yake, mpaka akakohoa. Alipotulia akatupa masharti. Mbuzi kwenye kibanda nje, na kila asubuhi mwenye mbuzi amtembeze pwani mpaka wachoke wote wawili.

"Nani zaidi?" niliuliza.

"Wewe. Yeye mzima."

Basi wakuu, somo nililotoka nalo ni hili. Tamaa ya ami haikufa, ila ilipewa kazi saa ile ile na mahali pale pale ilipokuwa inamjia, na mikono ikashikwa. Hapo mazoezi yanasaidia, nakubali. Ila mazoezi ya mtu mmoja hayamtoi jasho jirani yake. Kama unamsimamia mraibu, kimbia na wewe, usisimame kama mlingoti ukidhani una kinga.

Wataalamu wa jim, karibuni mnirekebishe. Na kama yupo aliyesoma zile kurasa zilizochanwa, aseme zilikuwa na nini, najua nimechelewa lakini nataka kujua.

Jioni ile Salma alinionyesha pa kulala. Chumba kilikuwa safi, shuka jipya, asumini imekauka juu ya mto, mswala umekunjwa pembeni. Alikuwa amekitandika tangu siku mama yake alipoapa.

Nikaitoa asumini taratibu, nikalala mimi.